Alphaville haistahili kuonewa huruma

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai filamu za upelelezi za bajeti ndogo za miaka ya sitini leo zinatazamwa kwa kuonewa huruma tu. Hapo nampinga kabisa. Chukua Alphaville, filamu ya mwongozaji Jean-Luc Godard, ya 1965. Mpelelezi Lemmy Caution anaingia mji wa mbali unaotawaliwa na kompyuta, lakini hakujengwa mji wowote wa kubuni: ni Paris yenyewe usiku, majengo mapya ya vioo, korido za hoteli, taa za barabarani. Mpiga picha wake, Raoul Coutard, alitegemea mwanga uliokuwepo, ndiyo maana giza lile linakukaba. Sauti ya kompyuta ni ya mtu aliyepoteza zoloto, yaani kiungo cha sauti kooni, anayezungumza kwa kifaa. Inakwaruza mpaka unasisimka mwili, na sijasikia mashine ya filamu za leo inayotisha vile. Na lile bwawa la kuogelea! Mtu anapigwa risasi akiwa juu ya ubao, wasichana wanajitosa majini na visu kummalizia, waheshimiwa pembeni wanapiga makofi. Gharama yake ilikuwa nini hasa? Tamasha la filamu la Berlin liliipa Dubu wa Dhahabu, tuzo yake kuu, mwaka uleule. Namwomba mwandishi aitazame tena kabla hajaandika tena.