Faili likirudi na neno "Tujadili"

Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali Tanzania analijua neno hili. Unapeleka dokezo, yaani andiko la ndani la kuomba uamuzi, kwa mkuu wako, faili linakaa siku nne, kisha linarudi na pembeni mwa maandishi yako pana neno moja la kalamu: "Tujadili". Ukienda mlangoni kwake unaambiwa amesafiri.

Kwa miaka kadhaa niliamini hiyo ni njia ya wakubwa kukwepa kuamua. Siku hizi naamini kwamba mara nyingi ni sisi waandishi tunaowalazimisha kuliandika.

Nilikuwa afisa mpya wa afya katika halmashauri moja. Jokofu la chanjo la zahanati iliyo mbali na mji likaharibika. Chanjo zake zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zikipata joto zinapoteza nguvu, na nyingine zikiganda ndiyo basi tena. Muuguzi akawa anazifuata kituo cha jirani kwa bodaboda, kasha la barafu mapajani, siku za kliniki tu, tena siku ambazo bodaboda imepatikana. Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika dokezo la kuomba fedha za fundi na kipuri.

Nikaandika kurasa mbili. Nilianza na "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu", nikaendelea na umuhimu wa chanjo kwa taifa, sera ya afya, majukumu ya halmashauri, mpaka historia ya jokofu lenyewe tangu liliponunuliwa. Ombi lilikuja aya ya mwisho, nalo lilisema: "Naomba suala hili liangaliwe kwa jicho la pekee." Sikutaja kiasi, wala kifungu cha bajeti, wala siku. Faili likarudi na "Tujadili", mkuu wangu akawa yuko Dodoma kikazi, zikapita siku 11. Katika siku hizo wapo akina mama waliotembea na watoto mgongoni hadi zahanati wakaambiwa warudi wiki ijayo. Hilo sijalisahau.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa masjala, ofisi inayotunza mafaili, karani ambaye alikuwa ameona mafaili mengi kuliko wakurugenzi wote waliopita pale. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akifunua folio yangu, yaani ukurasa wangu ndani ya faili.

"Mwanangu, hapa unaomba nini?"

Nikamweleza kwa pumzi moja: laki nne na themanini za kutengeneza jokofu kabla ya kliniki ya Jumanne.

"Sasa hayo mbona hukuyaandika?"

Nikarudi mezani nikaandika upya: "Naomba uidhinishe Sh 480,000 kutoka kifungu cha matengenezo, ili jokofu la chanjo la zahanati litengenezwe kabla ya kliniki ya Jumanne. Limekufa tangu tarehe 3. Tukichelewa, watoto wa vijiji vitatu wataendelea kukosa chanjo. Profoma za bei za mafundi wawili zimeambatishwa. Napendekeza wa pili kwa kuwa kipuri anacho." Hakuna zaidi. Aliyekuwa anakaimu aliidhinisha siku ileile, na chini yake akamwelekeza mhasibu alipe.

Najua kinachotufanya tuzunguke. Tumelelewa kuona kwamba kumwambia mkubwa shida yako moja kwa moja ni utovu wa adabu. Nyumbani mgeni huulizwa kwanza habari za safari, za watoto na za mvua. Desturi hiyo naipenda, na pale sebuleni inafaa. Ila mkuu wa idara mwenye mafaili 30 mezani hapumziki kwenye dokezo lako. Kumheshimu ni kumpunguzia kazi: asome mistari miwili ya mwanzo ajue anatakiwa aamue nini, kwa fedha kiasi gani, mwisho lini. Historia iwe kiambatisho, ataisoma akiihitaji.

Sababu ya pili ni woga, na hii ndiyo inayonisumbua. Angalia tunavyoandika: "imeonekana kuwa", "ilikubalika", "hatua stahiki zichukuliwe". Nani ameona? Nani achukue? Mwandishi amejificha ili mambo yakiharibika asiulizwe. Sasa fikiria miaka mitano baadaye, wewe umehamishwa, mkaguzi anafungua faili lile. Nia uliyokuwa nayo moyoni haitamfikia. Atasoma folio iliyopo, na kama haina jina la mtu wala tarehe, atahitimisha kwamba hakuna aliyewajibika.

Kuna dokezo moja la Marekani ninalowaelezea vijana ninaofanya nao kazi. Tarehe 31 Julai 1985, mhandisi Roger Boisjoly wa kampuni ya Morton Thiokol alimwandikia makamu wa rais wa uhandisi wa kampuni yake kuhusu pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi za chombo cha anga. Sentensi yake ya kwanza ilieleza shabaha: viongozi waujue uzito wa tatizo. Alieleza kwamba asiposikilizwa haraka, anahofia chombo kitapotea pamoja na eneo zima la kurushia. Tarehe 28 Januari 1986, chombo kimojawapo, Challenger, kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka kwa sababu ya pete hizohizo, watu 7 wakafa. Dokezo halikuwaokoa. Lakini tume ilipochunguza, hakuna aliyeweza kudai kwamba onyo lilikuwa halieleweki, kwa sababu mtu mmoja alikuwa amekubali kuandika anachokiogopa kwa maneno ya kawaida na kuweka jina lake chini.

Siku hizi maombi mengi yanapita WhatsApp, na bosi anaidhinisha kwa kidole gumba cha rangi ya njano. Kwa dharura sawa. Ila siku hiyohiyo andika dokezo, liingie kwenye faili, la karatasi au la mfumo, maana simu hupotea na watu huhama.

Wakubwa nao nina neno kwao, kwa unyenyekevu. Dokezo likikushinda, usiliache na "Tujadili" peke yake. Kijana aliyeliandika hajui umekwama kwenye bei, kwenye kifungu au kwenye lugha yake, na atakaa akisubiri mlangoni. Mwandikie: "Tujadili kesho saa nne. Njoo na profoma ya tatu." Maneno ya ziada ni manane tu, na kule zahanati kuna muuguzi anayengoja.