Nini Hubaki Janga Likipita?

Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipofunga viwanda, shule na viwanja vya ndege, ilisemwa kila kona kwamba dunia haitakuwa tena ile tuliyoizoea. Leo ndege zimejaa, foleni za magari zimerudi, na hewa ukaa iliyopungua kwa takriban asilimia 5 mwaka ule ilipanda tena mwaka uliofuata. Ni rahisi kuwacheka waliotabiri. Lakini historia haiwakatalii moja kwa moja.

Wanaoamini kwamba janga hugeuza jamii wana shahidi mzito: tauni iliyoikumba Ulaya kati ya 1347 na 1351, ikaua theluthi moja ya watu, pengine hata nusu. Waliopona walijikuta lulu. Mashamba yalikuwepo, wa kuyalima hawakuwepo, na kibarua aliyezoea kupangiwa ujira akaanza kuutaja yeye. Nchini Uingereza wenye ardhi walikimbilia sheria. Ile ya 1351 iliamuru ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni: mpalizi asilipwe zaidi ya peni moja kwa siku. Watafuta kazi walitakiwa waende mjini wameshika zana zao mkononi, waonekane, waajiriwe mahali pa wazi na si kwa siri. Kifungu hicho kinafichua mengi. Mtu hapigi marufuku mapatano ya kichochoroni kama hayafanyiki, na waliokuwa wakipandisha dau huko vichochoroni ni haohao wenye mashamba, kila mmoja akimnyang'anya jirani yake vibarua. Faini zilitozwa, watu wakafungwa, mwaka 1381 wakulima wakaasi na uasi ukazimwa kwa damu. Hata hivyo karne iliyofuata ilimkuta kibarua wa Kiingereza na ujira mnono kuliko wa babu zake, na utumwa wa ardhi, ule uliomfunga mkulima kwenye shamba la bwana wake, ukiwa unajifia wenyewe.

Hapo hudakia upande wa pili, wasioamini kwamba janga hugeuza jamii, tena kwa haki. Tauni hiyohiyo ilipiga Misri ya Wamamluki, watawala wa kijeshi wa nchi hiyo. Huko nako wakulima walipukutika, lakini mifereji ya umwagiliaji ikakosa mikono ya kuitunza, mavuno yakaanguka, na watawala wakazidi kuwakamua waliobaki. Mashariki mwa Ulaya, katika karne zilizofuata, makabaila waliwafunga wakulima kwenye ardhi kuliko zamani. Uhaba wa watu ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni kama kulikuwa na mtu mwenye uwezo wa kumzuia kibarua asiondoke. Kwangu mimi hili ndilo jibu la nusu nzima ya mjadala. Janga hupunguza watu au husimamisha shughuli, basi. Nani atafaidika na pengo hilo huamuliwa na nguvu zilizokuwepo kabla mgonjwa wa kwanza hajakohoa.

Mafua ya 1918 yanathibitisha kwa upande wa hasara: yaliua makumi ya mamilioni ya watu, wengi wao vijana wenye nguvu, na bado ni vigumu kuonyesha mfumo wa uchumi uliopinduliwa nayo. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilifunika kila kitu.

Kuna pia mabadiliko yasiyo na kelele, yanayokaa kwa sababu yamejengwa kwa matofali. Mji wa Hamburg, Ujerumani, ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji jirani uliochota maji ya mto huohuo, tena chini ya mahali Hamburg ilipomwaga uchafu wake, uliyachuja kwa mchanga. Kipindupindu kilipofika 1892, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000. Mpaka wa miji hiyo ulipopita katikati ya mtaa, upande mmoja watu walikufa na ng'ambo ya barabara wakasalimika. Mtambo wa kuchuja, uliokuwa umebishaniwa kwa miaka mingi kwa sababu ya gharama, ulianza kazi 1893. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kukumbuka kipindupindu ili anywe maji safi.

Linganisha na Marekani mwaka 2021. Serikali iliongeza ruzuku ya watoto, familia nyingi zikapokea hadi dola 300 kwa mwezi kwa kila mtoto mdogo, na umaskini wa watoto ukashuka hadi asilimia 5.2. Ruzuku ilikuwa ya muda. Bunge halikuiongezea, na 2022 kiwango kikaruka hadi asilimia 12.4. Ushahidi kwamba inawezekana ulikuwepo mezani. Wa kuutetea hawakutosha kura. Kazi ya kufanyia nyumbani, kinyume chake, imedumu kwa sehemu, maana wanaonufaika nayo ni wataalamu ambao mwajiri anaogopa kuwapoteza. Muuguzi na dereva, waliopigiwa makofi na watu waliojifungia majumbani wakiwa madirishani, hawakupata cha kushikilia.

Ndiyo maana nauangalia kwa jicho la pembeni Mkataba wa Majanga uliopitishwa na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani Mei 2025. Unataka watengenezaji watakaoshiriki watenge asilimia 20 ya chanjo na dawa wakati wa janga, angalau nusu yake ikiwa msaada. Lakini kiambatisho cha kueleza nani atatoa vimelea, nani atatoa chanjo na kwa masharti gani kiliachwa kijadiliwe baadaye, na bila hicho mkataba haufunguliwi hata kutiwa saini.