Masharti ya kumchukua sungura au panya: ugumu uwekwe wapi?

Malalamiko ni yale yale, iwe Uingereza au Marekani. Mtu anaomba sungura katika kituo cha kuokoa wanyama. Anaulizwa ukubwa wa banda, anaulizwa kama nyumba ni ya kupanga, anaulizwa nani atabaki na mnyama akisafiri, kisha anaambiwa hapana: banda lake lina urefu wa mita 1.2 tu. Jumamosi hiyo hiyo anaingia dukani, na baada ya nusu saa anatoka na sungura ndani ya boksi. Wanaotetea masharti magumu husema kituo kimefanya kazi yake. Wanaoyapinga husema kituo kimepoteza nyumba, duka limepata mteja, na sungura aliyekuwa kizimbani bado yumo. Pande zote mbili zina hoja, ila zinabishana kana kwamba masharti yote yana uzito mmoja. Hayana. Lipo sharti ambalo likilegezwa kituo kinajizalishia kazi, na lipo ambalo ni pambo tu.

Tuanze na nafasi, maana ndipo ugomvi mwingi ulipo. Rabbit Welfare Association & Fund, shirika la Uingereza la ustawi wa sungura, linapendekeza eneo la mita 3 kwa 2, lenye kimo cha mita 1, kwa sungura wawili, na walifikie mchana na usiku. Kipimo hicho hakikuokotwa njiani. Sungura anatakiwa aweze kuruka mara tatu mfululizo na kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa dari. Anayeshinda amejikunyata hunenepa, hushindwa kujisafisha mkia, hulowa mkojo na kupata vidonda chini ya nyayo. Kwenye joto, nzi hutaga kwenye manyoya hayo machafu, na funza wakishaingia mwilini saa chache zinatosha kumuua.

Upande wa pili una hesabu yake. Kituo chenye vizimba 12, jozi moja kila kizimba, ikiwa kila jozi inakaa miezi 6 kinatoa jozi 24 kwa mwaka. Zikikaa miezi 2, kinatoa 72. Zile jozi 48 za tofauti haziyeyuki. Zinatangazwa mtandaoni kwa bei ya bure, au zinaachiwa bustanini, ambako sungura wa kufugwa hajui kukwepa mbwa wala mbweha. Hapa hoja ya kulegeza ina nguvu. Mwenye banda dogo si lazima akataliwe. Auziwe wazo lingine: uzio wa waya wa kukunja, vipande 8 vya sentimita 60, unazungushwa sebuleni na kutoa karibu mita 1.7 za mraba, gharama yake ni ndogo kuliko banda la mbao, na lile banda linabaki kuwa mahali pa kujificha tu. Swali la nyumba ya kupanga ni la maana pale tu mkataba unapokataza wanyama. Swali la saa za kazi halina maana kabisa kwa sungura, ambaye mchana hulala na kuchangamka alfajiri na magharibi.

Sharti lisilolegezeka kwa sungura ni upasuaji wa kuzuia uzazi. Jike hubeba mimba siku 31 hivi na anaweza kupandwa tena saa chache baada ya kuzaa. Aina ndogo hupevuka wakiwa na miezi 4. Kituo kinachotoa jike na dume wasiopasuliwa kwa nyumba mbili tofauti, halafu moja ya nyumba hizo ikamtafutia sungura wake mwenza, kimejipelekea mzigo wa mwaka kesho. Kuna na afya: saratani ya mfuko wa uzazi ni ugonjwa wa kawaida kwa majike waliopita miaka 4, na katika baadhi ya makundi yaliyochunguzwa imekutwa kwa zaidi ya nusu yao.

Wapinzani wa sharti hili hawasemi uongo. Ganzi ni hatari zaidi kwa sungura kuliko kwa mbwa, na bili ya daktari humeza ada yote anayolipa mchukuaji. Lakini sehemu kubwa ya hatari hiyo hutokana na kumtendea sungura kama mbwa. Sungura hatapiki, kwa hiyo hafungishwi usiku kucha kabla ya upasuaji. Anakula hadi karibu na muda wenyewe, kwa sababu utumbo wake ukisimama ndio unaoua, mara nyingi siku moja au mbili baada ya mshono uliofanywa vizuri. Apewe dawa ya maumivu, awekewe majani anayoyapenda, na kama jioni hajagusa chakula alishwe uji wa nyasi kwa bomba la sindano. Saa 12 bila kula ni dharura, si jambo la kusubiri kesho. Dume aliyehasiwa akae mbali na majike wasiopasuliwa wiki 6, maana mbegu zilizobaki bado zinafanya kazi.

Vituo vingine hutafuta njia ya kati kwa kumtoa sungura mchanga kwa ahadi ya maandishi kwamba atapasuliwa baadaye. Ahadi hizo huvunjika bila mtu kuwa na nia mbaya: mnyama anaonekana mtulivu, fedha zinapata matumizi mengine, miezi inapita. Njia inayoshika ni kumtoa kwa ulezi wa muda. Sungura anaishi kwa mchukuaji, lakini anabaki mali ya kituo hadi afikie umri wa upasuaji, miezi 4 hadi 6 kwa jike. Umiliki unahamishwa siku anapotoka kwa daktari. Kizimba kinakuwa wazi mapema, na sharti halijavunjwa.

Kwa panya sharti hilo hilo halina kazi, na hapa ndipo vituo vinavyonakili fomu ya sungura hukosea. Panya wa kufugwa, ambaye ni spishi moja na yule wa mitaroni, huishi miaka 2 hadi 3. Madume wakikaa wenyewe na majike wenyewe, makundi mengi huishi kwa amani bila kisu. Upasuaji una nafasi yake, kwa dume anayejeruhi wenzake au kwa kupunguza uvimbe wa matiti wa majike, lakini kuudai kwa kila panya ni kumfungia mlango bila sababu.

Kinachowaangusha wanaookoa panya ni kalenda. Jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki 5. Mimba ni siku 21 hadi 23, watoto 10 ni jambo la kawaida, na ndani ya siku moja baada ya kuzaa anaweza kupandwa tena. Chukua jike mmoja mwenye mimba aliyenunuliwa pamoja na dume kwa kudhaniwa wote ni majike. Baada ya wiki 3 kuna watoto 10. Kabla ya mwezi mwingine kumalizika mama amezaa 10 wengine. Binti 5 wa uzao wa kwanza wakiachwa na kaka zao, kufikia mwisho wa mwezi wa tatu wameleta 50. Wawili wamepita 70, na mwenye nyumba anapiga simu akilia. Kwa hiyo ugumu uwekwe hapa: watoto watenganishwe kwa jinsia kabla ya kutimiza wiki 5, na jike yeyote ambaye historia yake haijulikani akae siku 23 kamili kabla ya kutolewa. Jinsia ya kichanga huonekana mapema kwa chuchu, ambazo kwa majike hujitokeza kabla manyoya hayajaziba, na baadaye kwa umbali kati ya tundu la mkojo na la haja kubwa, ambao kwa dume ni karibu mara mbili. Kwa sungura mchanga makosa ni mengi zaidi. Anayesema ana uhakika na jinsia ya sungura wa wiki 5 anabahatisha, kwani korodani hushuka kati ya wiki ya 10 na 12.

Karantini nayo ni ya panya kuliko sungura. Wiki 2 hadi 3, chumba tofauti, na anayehudumia aanze na wakazi wa zamani kisha aende kwa wageni. Karibu kila panya wa kufugwa tayari ana mycoplasma, bakteria wa njia ya hewa, mapafuni. Aina mpya ya bakteria hao ikiletwa karibu, chafya hugeuka kifua kinachokoroma. Wekundu kuzunguka macho na pua si damu, ni rangi ya machozi yenyewe, lakini ukiongezeka mnyama hayuko sawa. Maranda ya paini na mwerezi yaachwe, mafuta yake yanakera mapafu hayo hayo. Karatasi zilizokatwakatwa zinatosha. Na mchukuaji aambiwe ukweli kuhusu magonjwa: mwaka 2017 Marekani ilifuatilia virusi viitwavyo Seoul, vinavyoambukiza watu pia, vilivyosambazwa na panya wa kufugwa katika majimbo 11, na panya wenyewe hawakuonekana wagonjwa. Kuficha hilo ili mnyama aondoke haraka ni ulegevu usio na utetezi.

Suala la mwenza linawahusu wote wawili. Kutoa mmoja mmoja huharakisha mambo, kutoa jozi huchelewesha. Kwa panya sioni mjadala: panya wa peke yake hunyong'onyea, na wa pili hazidishi kazi. Kwa sungura kituo kinafanya kosa kikimtoa mmoja na kumwambia mtu atafute mwenza dukani, kwa sababu kuwaunganisha ndiyo kazi ngumu yenyewe. Wote wawe wamepasuliwa, na jozi rahisi ni dume na jike. Wakae vizimba vinavyopakana wiki 2, wakibadilishana matandiko. Kisha wakutanishwe mahali ambapo hakuna hata mmoja anapaona kwake, penye mirundo kadhaa ya nyasi na maboksi yenye matundu mawili ili asiwepo wa kubanwa kona. Kupandana kidogo na kukimbizana kunavumilika. Wakianza kuzunguka kwa kasi kama gurudumu huku manyoya yakiruka, watenganishe kwa ubao au glavu nene, si kwa mkono mtupu. Kituo kikiifanya kazi hii kabla, mchukuaji anapata jozi iliyotulia na wachache watarudishwa.

Wengine huita uokoaji kununua panya anayeuzwa kuwa chakula cha nyoka, au sungura aliyezubaa dukani. Yule mmoja kweli ameokoka. Lakini muuzaji haoni huruma, anaona mauzo, na kesho anaagiza wawili. California ilijaribu kukata mzizi huo: kuanzia 2019 maduka yaliruhusiwa kuuza mbwa, paka na sungura waliotoka vituoni tu. Wafanyabiashara wakajivika jina la waokoaji, na kuanzia 2021 sheria ikakazwa, maduka yakakatazwa kabisa kuwauza. Panya hawakutajwa popote, na ndiyo maana kwao fedha ya mnunuzi ndiyo sheria pekee. Sheria nyingine zinakata upande mwingine: Alberta, Kanada, hairuhusu panya wa kufugwa, na Queensland, Australia, hairuhusu sungura. Hilo ndilo swali la makazi linalostahili kuwa la kwanza kwenye fomu.

Si kila mnyama mdogo anapaswa kutafutiwa sebule. Mwaka 2003 panyabuku na wanyama wengine wagugunaji kutoka Ghana waliingizwa Marekani kwa biashara ya wanyama wa nyumbani. Waliwaambukiza ndui ya nyani prairie dog (wagugunaji wa nyanda za Amerika Kaskazini) waliowekwa nao, na watu 47 katika majimbo 6 wakahesabiwa kuugua. Tangu hapo uingizaji wa wagugunaji wa Afrika ukazuiwa. Linganisha na panyabuku wa APOPO, shirika linalotumia panya kunusa mabomu, wanaofunzwa Morogoro. Mmoja wao, Magawa, aliyepewa medali ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia, alistaafu 2021 na kubaki chini ya matunzo ya shirika hadi alipokufa Januari 2022. Hakuwekwa kwenye tangazo la kutafutiwa nyumba, na hakupungukiwa kitu.

Kwetu Afrika Mashariki swali linakuja kwa sura nyingine. Sungura ni mifugo kwanza. Wa mtoto akichosha hupewa jirani, na jirani akimla hakuna kashfa. Kinachoharibika ni jozi ya dume na jike iliyosahaulika kwenye kibanda chini ya bati. Anayepokea sungura wa namna hiyo Dar es Salaam au Mombasa ana adui wa kwanza kuliko uzazi, nalo ni joto: likipita nyuzi 30 sungura huanza kuzidiwa, kwa hiyo kivuli, upepo, na chupa ya maji yaliyogandishwa ya kuegemea. Chakula kiwe nyasi kavu kwa sehemu kubwa, Boma Rhodes inafaa. Luseni ni ya watoto na wenye mimba, kwa mzima kalsiamu yake hujaza mchanga kwenye kibofu. Kabla ya kumpeleka kwa upasuaji, muulize daktari wa mifugo mambo matatu: amewahi kupasua sungura wangapi, anataka mnyama afunge saa ngapi, na atampa dawa gani ya maumivu baadaye. Akijibu kwamba afunge usiku kucha, mshukuru uondoke. Usipompata mwingine, tenganisha kwa jinsia. Ndugu wawili wa kike mara nyingi hukaa vizuri, madume wawili wasiohasiwa watang'oana korodani.

Limebaki sharti moja ambalo pande zote mbili hulipitia haraka: haki ya kurudisha. Mkataba useme kwamba kituo kitampokea mnyama wakati wowote wa maisha yake, bila maswali ya kumuaibisha mtu. Kwa panya hilo lina matumizi mahususi. Wawili waliochukuliwa pamoja hawafi siku moja, na anayebaki akiwa na miaka 2 anahitaji wenzake. Mwenye nyumba akichukua wengine wachanga kila anayebaki, hatamaliza kufuga panya milele, na wengi hukataa jozi ya kwanza kwa kuogopa mzunguko huo. Kituo kinachokubali kumpokea huyo mzee na kumuingiza kwenye kundi la watulivu, au kumuazima mwenye nyumba panya wawili wa umri huo huo hadi wa mwisho afe, kinawapata wachukuaji ambao fomu ndefu ingewafukuza.