Acheni kuisingizia risasi

Jumamosi nilikuwa uwanja wa shabaha na boksi langu la .38 Special, saizi ya risasi za bastola ya silinda, vichwa butu vya madini ya risasi pekee, bila kuvikwa shaba. Hata silinda sijaijaza, bwana wa kituo cha jirani akanyoosha shingo, akaliangalia boksi kwa uso wa mtu aliyekanyaga kitu kibaya. "Kaka, hizo zitakuulia mtutu. Anayeipenda bastola yake anapiga za shaba." Akanisukumia sita zake zinazometameta, kwa huruma kabisa.

Nilimshukuru, nikafyatua zangu. Lakini neno lile limenikaa kooni, maana si yeye wa kwanza kunihubiria.

Tuanze na lugha yenyewe. Madini haya tunayaita risasi, na kinachotoka mtutuni tunakiita risasi. Wahenga hawakuona haja ya maneno mawili. Hiyo .38 Special ilizaliwa na kichwa cha risasi cha greni 158 (kama gramu 10), na ilikula shabaha miaka mingi kabla hujamwona mtu akijivunia shaba yake. Na kwenye mashindano ya bastola ya mita 25, ISSF, shirikisho la dunia la michezo ya shabaha, inataka risasi au madini mengine laini kama hayo. Vichwa vilivyovikwa shaba haviruhusiwi. Labda nao hawaijui mitutu.

Sasa hilo la kuua mtutu. Najua linatoka wapi, kwa sababu na mimi niliwahi kuliamini. Bastola yangu ya kwanza ya .357 Magnum, dada mwenye nguvu zaidi wa .38, ilikuwa ikigandwa na madini ya risasi ndani ya mtutu vibaya sana. Baada ya raundi 50 mtutu unaonekana umepakwa fedha, matundu kwenye karatasi yanaanza kutawanyika kama kuku, na jioni nzima inaishia kwenye brashi. Nilikuwa naviringisha waya laini wa shaba wa kusugulia sufuria juu ya brashi iliyochakaa, nasukuma, nachomoa vipande vyembamba vinavyong'aa mithili ya karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Nikailaani risasi. Nikanunua vichwa vigumu zaidi, vyenye antimoni nyingi, madini yanayoikaza risasi. Hali ikawa mbaya zaidi!

Mzee mmoja mpiga shabaha, mtu wa maneno machache, akaniambia nifungue silinda, nitoe kila kitu, nidondoshe kichwa kisicho na ganda kwenye chemba, tundu la silinda linalobeba risasi. Kikapita mpaka mbele, kikatoka chenyewe, kikaanguka mezani, tik. Hakuongeza neno.

Pale ndipo penyewe. Vichwa vyangu vilikuwa vya inchi 0.357, na matundu ya silinda yalikuwa mapana kuliko hivyo. Gesi ya moto ikawa inapenya ubavuni mwa kichwa, inakiyeyusha na kukikwangua, kisha inaupaka mtutu kile ilichokwangua. Kichwa kigumu ndiyo balaa kabisa kwa baruti kidogo, kwa sababu hakitanuki kuziba nafasi. Kile laini angalau hujaribu. Nilipohamia 0.358, kichwa kikawa kinataka kusukumwa kidogo na penseli ndipo kipite. Bastola ile ile, baruti ile ile. Nikapiga 100, nikapitisha kitambaa, nikaangalia kwa tochi: karibu safi. Miezi yote ile nilikuwa naadhibu madini kwa kosa la kipimo.

Na tafadhali, wale mnaomalizia kwa raundi sita za shaba "kusafisha". Hamsafishi. Mnaipiga pasi risasi iliyoganda, inazidi kushika, na shinikizo mnalipandisha juu.

Faida nyingine nitazipitia haraka. Kichwa butu kinakata karatasi tundu la duara safi, hakuna ugomvi wa pointi. Kinaula mtutu taratibu kuliko shaba. Kinakwenda vizuri kwa mita 200 na ushei kwa sekunde; cha shaba ukikipunguzia baruti hivyo kinaweza kukwama ndani, na ukifyatua kingine nyuma yake, jiandae kuagana na mtutu.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: ukipiga magnum ya nguvu kamili, shaba ina raha yake. Moshi wa nta inayopakwa vichwa vyangu kuvilainisha unaudhi, hasa ndani ya jengo. Pia bastola nyepesi ikipiga teke kali, vichwa vya risasi visivyobanwa vizuri kwenye maganda hutambaa mbele na kuizuia silinda isizunguke. Limenikuta.

Na sumu. Hapa sitanii. Risasi ni sumu, na mtoto wako nyumbani hajachagua mchezo huu. Nawe mikono kwa sabuni na maji baridi, usile wala kuvuta sigara uwanjani, nguo zile zisikae na nyingine. Ila msinichekeshe mkidhani shaba imewaokoa. Fataki nyingi, zile za nyuma ya ganda zinazowasha baruti, zina madini ya risasi ndani yake, na vichwa vingi vya shaba viko uchi kwa nyuma, pale pale moto unapopiga. Mwenzangu wa Jumamosi alimaliza boksi lake, akapangusa mdomo kwa kiganja, akaondoka anapiga mluzi.

Zile sita zake ninazo bado, ziko juu ya rafu. Nimezipima. Ni 0.357.