Mtoto mwenye maradhi sugu: apumzishwe au asome?

Wapo wazazi wanaoshikilia kwamba mtoto mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu), kifafa au pumu aangaliwe afya kwanza, masomo yatafuata. Wengine hawataki atengwe kwa lolote, atendewe kama wenzake. Kila upande una hoja, lakini wachache huuliza ugonjwa wenyewe unamzuiaje mtoto kujifunza.

Chukua selimundu. Wengi huhesabu siku alizolazwa kwa maumivu. Kumbe mtoto anaweza kupata viharusi vidogo visivyopooza mkono wala mguu, vikaacha makovu kwenye ubongo. Nyumbani anaonekana mzima. Darasani ukimpa maagizo matatu anakumbuka moja. Kumwambia "jitahidi kama wenzako" ni kumwonea. Kifafa nacho kina sura isiyo ya kuanguka: mtoto anasimamisha kalamu katikati ya neno, anakodoa macho sekunde chache, kisha anaendelea. Mwalimu anasema huyu akili zake haziko hapa. Pumu haiharibu ubongo kwa namna hiyo. Inachoiba zaidi ni usingizi, kwa kikohozi cha usiku.

Hapo wanaotaka apumzishwe wana haki. Ila ulinzi nao una madhara yake. Mwaka 1964 madaktari wa Marekani, Morris Green na Albert Solnit, waliandika kuhusu watoto walionusurika kufa na kupona, lakini wazazi wakaendelea kuwalea kama yai. Baadhi hawakuweza kubanduka kwa mzazi, wengine wakazorota shuleni. Ugonjwa ulishaondoka, hofu ndiyo iliyobaki. Isitoshe, chekechea si herufi tu. Ndipo mtoto anapojifunza kusubiri zamu, kugombana na kupatana, na hayo hayajifunzi akiwa peke yake kitandani.

Kwa hiyo naegemea upande wa shule, kwa sharti kwamba mwalimu ameambiwa. Najua jibu: darasa limejaa, mwalimu ataangalia wangapi? Ni kweli, lakini mara nyingi inatosha karatasi moja ya maelekezo. Kwa mwenye kisukari, kwa mfano: akitetemeka, akatoka jasho au akawa mkali ghafla (wengi hudhani ni utundu), sukari huenda imeshuka, kama anaweza kumeza apewe kitu cha sukari papo hapo, na asiachwe peke yake. Shule ikishindwa hata na hilo, mzazi anayembakiza mwanawe nyumbani sina la kumlaumu.