Presha inayoachiwa valvu ya maji ni hasara kweli?

Wanaosanifu mifumo ya maji wamegawanyika. Walinzi wa bili ya umeme husema: valvu ya kudhibiti mtiririko ipewe baa (kipimo cha presha) 0.2 tu, pampu iwe ndogo. Watu wa udhibiti wanataka valvu ipewe walau theluthi moja ya presha yote inayopotea njiani. Hawa wa pili huonekana wafujaji, na sababu yao hasa haisikilizwi.

Tuseme mtiririko ni mita za ujazo 40 kwa saa, na mabomba pamoja na kibadilisha joto vinakula baa 1.5. Valvu ikipewa baa 0.75, pampu italeta baa 2.25. Kv, yaani mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa presha ikishuka baa 1, ni 40 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 0.75: kama 46. Saizi za Kv zinazopatikana ni 40, 63, 100, 160, hivyo utachukua 63. Ukitoa baa 0.2, unahitaji Kv 89, unachukua 100. Na mara nyingi huwekwa valvu inayolingana na ukubwa wa bomba: 160.

Tofauti ya baa 0.55, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 65, ni kilowati 0.94. Kwa saa 8,000 ni takriban uniti 7,500. Hoja hiyo ni nzito. Pampu ya kubadilisha kasi ikiweza kudhibiti mtiririko peke yake, huenda valvu isihitajike kabisa. Lakini pampu ikichaguliwa na ziada "ya usalama", kama ilivyozoeleka, ziada hiyo italiwa na valvu vilevile na hakuna kilichookolewa.

Sasa punguza mtiririko hadi nusu, pampu ikibaki na presha ileile. Mabomba yanakula robo tu, baa 0.375. Kwenye mfumo wa baa 1.7 (1.5 za njiani na 0.2 za valvu), valvu inabeba baa 1.325 na inahitaji Kv 17. Valvu ya 160 yenye mwendo sawia, yaani Kv yake hukua sawasawa na inavyofunguka, itakuwa imefunguka asilimia 11 tu, karibu na kiti chake, pale inapozibia. Hapo msuguano wa pakingi (kizibo cha kuzuia kuvuja) hulifanya shina, fimbo inayoisogeza valvu, likwame, kisha liruke. Mruko wa asilimia 1 unabadilisha mtiririko kwa kama asilimia 7. Kidhibiti kinasahihisha, shina linakwama tena, na joto linayumba mchana kutwa. Valvu ya 63 kwenye mfumo wa baa 2.25 inasimama kwenye asilimia 23, na mruko uleule hauzidi asilimia 4. Hiyo ndiyo kazi inayonunuliwa na baa 0.55.

Theluthi nayo si ya kushika kibubusa. Mtiririko ukishuka hadi nusu, valvu ya 63 inabeba baa 1.875. Maji yakiwa ya nyuzi 90 na presha kamili (pamoja na ya hewa) kabla ya valvu ikiwa baa 3, valvu ya glopu yenye FL 0.9 (namba inayoonyesha jinsi presha inavyojirudisha ndani ya valvu; ndogo ina maana inajirudisha zaidi) hufikia kikomo, ambapo mtiririko hauongezeki tena, presha ikishuka karibu baa 1.9, na vipovu vya mvuke huanza kupasuka na kula chuma kabla ya hapo. Kwa valvu ya kipepeo yenye FL 0.6 kikomo ni kama baa 0.84. Kwa hiyo kikomo hiki kipimwe kwenye mtiririko mdogo kabisa, kabla ya kuagiza. Kikipitwa, ongeza presha ya mfumo mzima au sogeza valvu iwe upande wa maji baridi zaidi.