Seti Imenikaba Koo

Jumamosi iliyopita nilikanyaga saruji mbichi kwenye kizingiti cha nyumba yangu hapa Kayole, kiatu kikazama chote, na lawama zote nalitupia neno moja la Kiingereza. Fundi alikuwa amenionya. "Mzee, hiyo bado haijaseti," alisema huku akinawa mikono kwenye ndoo. Lakini mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimelipa pesa za saluni ili mke wangu asetiwe nywele, nikamnunulia binti yangu setibuku ya shule, kisha nikabeba seti ya vikombe sita kutoka Gikomba. Basi nikadhani fundi anazungumzia vigae, kwamba seti yake haijakamilika. Nikapita.

Kijana wa dukani aliponiona nikikwangua kiatu kwa kijiti, aliangua kicheko: "Mzee, umesetiwa!" Alimaanisha kwamba nimetegewa mtego. Hiyo ilikuwa seti ya tano, na hata saa sita haijafika.

Ningependa kujua ni umaskini gani uliowafika Waingereza hata wakalitwika neno la herufi tatu mizigo ya punda. Kwetu saruji hushika, jua huchwa, meza huandaliwa, mtego hutegwa, mtihani hutungwa na mfupa uliovunjika huungwa, kila kazi na mwenyewe. Kwao zote hizo ni "set", na jeli ikiganda kwenye bakuli, ni hiyo hiyo. Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, katika toleo la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, ilikipa kitenzi hicho maana zipatazo 430, kwa maelezo yanayokaribia maneno 60,000. Hicho ni kitabu kizima, nacho kingeweza kuwa setibuku chenyewe! Na watunzi wa kamusi hiyo wamekwisha kusema kwamba "run" imeipita, kwa maana 645. Huyo fundi angeniambia saruji "haijarani", labda ningezama hadi kiunoni.

Nilimweleza mke wangu haya yote kwa kirefu, nikitarajia pole. Akanitazama, nywele zake zikiwa zimesetiwa barabara, akasema: "Baba Njeri, leo asubuhi umepiga mswaki, ukapiga pasi, ukapiga simu, ukapiga foleni benki, na sasa unapiga kelele. Hao wote uliowapiga, mbona hawajaenda kushtaki?"

Sikuwa na jibu, nikaomba chai.

Saruji ilishika usiku huo huo, kabla fundi hajarudi kuisawazisha, na alama ya kiatu changu namba tisa ikabaki pale mlangoni, kisigino kikielekea barabarani. Njeri aliiona asubuhi alipokuwa akitoka kwenda kanisani. Alichuchumaa, akaipapasa kwa kidole, akamwita mama yake:

"Mama, njoo uone! Baba amepiga muhuri."